Taa Nyekundu Wakati wa Radi

Rauta ya intaneti ilikuwa ya moto kiasi kwamba Aneth aliishika kwa kitambaa cha jikoni, kama mtu anayeipua sufuria. Aliigeuza juu chini, akapuliza matundu yake, vumbi likamrudia usoni. Akaiweka tena mezani juu ya vizibo vya soda alivyovipanga ili hewa ipite chini, akachukua ungo na kuanza kuipepea. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati tangu asubuhi, na upande wa Samuye mawingu yalikuwa yanajikusanya bila haraka.

"Homa haijashuka?" aliuliza Mbuke, mama mkwe wake, akiwa amesimama mlangoni na kisu cha mboga mkononi.

"Haijashuka, mama."

"Angekuwa mtoto tungeshampeleka zahanati."

Kwenye kochi alikuwa amekaa Enock, dereva wa lori la mbolea, kofia nyekundu kichwani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyeshazoea kukaa sebule za watu. Alikuwa anasubiri kibali cha kutoa mzigo bandari kavu. Bila hicho kibali geti halifunguki, na lori lake lilikuwa limeshalala pale zaidi ya lilivyotakiwa.

"Dada, hiyo mashine unaipepea au unaichoma?" Enock aliuliza. "Maana mimi mishikaki ndiyo nimeiona ikipepewa hivyo."

"Cheka. Ikizima utalala hapa Isaka tena."

"Nikilala tena mke wangu kule Ngara ataamini nimeoa."

"Mwambie umeoa rauta."

Enock alicheka peke yake. Aneth hakuwa na nguvu ya kucheka. Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani. Kampuni ya wakala wa forodha ilipofunga ofisi yake ya Isaka ilimwachia kompyuta, printa, betri ndogo ya akiba na hiyo rauta, na mfumo wao ulifungwa usikubali kuingiwa kwa laini nyingine yoyote, kwa sababu mtu aliyemtangulia alikuwa anauingia kwa simu yake akiwa baa. Treni inashusha mzigo, Aneth anaingiza hati, anaprinti kibali, lori linaondoka kwenda Burundi au Rwanda. Alikuwa bado kwenye majaribio. Mtandao ulishamkatikia mara mbili katikati ya kazi, na mara ya pili bosi wake, Mwanaima, alimwambia kutoka Dar es Salaam kwa ile sauti yake ya upole: "Aneth, ya tatu sitakuuliza. Kazi nitampa Charles aifanyie hapahapa."

Charles ndiye alikuwa fundi wao wa kompyuta, na ndiye aliyekuwa anapiga simu sasa. Aneth aliweka ungo chini, akatoka kuongelea barazani ambako simu ilishika vizuri.

"Nimeona inakatakata," Charles alisema. "Inachemka tena?"

"Inachemka. Nina dereva ndani na hati zake hazijaisha."

"Tatizo ni programu yake ya ndani. Toleo lililomo ndilo linaloifanya ichemke. Limetoka jipya leo, tuiapdeti."

"La mwezi uliopita ulisema hivyohivyo. Tukaweka, ikazidi."

"Lile lilikuwa na kasoro. Ndiyo maana wametoa hili."

"Na hili likiwa na kasoro?"

"Watatoa jingine."

Aneth aliyatazama mawingu. "Charles, naomba nimalize kwanza hati za huyu dereva."

"Kwa hali hiyo hutazimaliza, itakuzimia njiani. Ukisasisha, kazi yote ni chini ya nusu saa. Ila nisikilize: ikianza, isizimwe. Umeme ukikatika betri itaibeba. Ila waya wenyewe mtu asiuguse. Ikizimwa katikati inakufa, na haifufuki. Taa itakuwa nyekundu, itapepesapepesa. Usiogope, ndivyo inavyofanya."

Alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Aliingia ndani, akafungua ukurasa wa rauta kwenye kompyuta, akabonyeza pale palipoandikwa sasisha. Taa ya kijani ilizimika, nyekundu ikaanza kupepesa.

"Sasa imekuwaje?" Enock aliuliza.

"Inajifunza upya. Tulia."

"Mimi nimetulia tangu juzi, dada."

Upepo ulikuja kwanza, ukabeba vumbi na mifuko ya rambo, halafu ngurumo ya mbali. Mbuke aliacha mboga zake. Watu wengi wa umri wake wana namna yao ya kuipokea mvua ya radi, na yeye mdogo wake aliuawa na radi machungani, na ng'ombe wawili pembeni yake, kwa hiyo hakuwa na mzaha nayo. Alifunika kioo cha ukutani kwa kanga. Alizima redio, akachomoa friji, akachomoa runinga. Kisha akasimama mbele ya Enock.

"Baba, toa hiyo kofia."

"Kofia imefanya nini, mama?"

"Nyekundu inaita radi. Toa."

Enock alimtazama Aneth, Aneth akamtazama kama anayemwambia asibishane. Akaivua kofia, akaikalia.

"Hapo chini radi haitaiona?" alinong'ona.

"Itakuanza wewe na kofia yako," Mbuke alijibu. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Matone ya kwanza yaligonga bati kama mtu anarusha kokoto. Aneth alikurupuka. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka wiki nzima, na mvua ya namna hii katika nchi ile haikuachwa iende hivihivi. Kulikuwa na ndoo za kuweka chini ya michirizi, pipa la kusogeza, sare za shule za mwanawe Noela kwenye kamba na gunia la mkaa lililokuwa wazi. Alitoka mbio. Enock, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitoka nyuma yake akamsaidia kuliviringisha pipa mpaka kwenye pembe ya paa.

"Wewe mgeni, utalowa," Aneth alimwambia.

"Ningelowa lorini pia. Dirisha la kulia halipandi."

Radi ilipiga mahali karibu na reli, nyumba nzima ikawa nyeupe kwa kitambo. Walibaki wameshika pipa, kila mmoja akiona aibu kuliachia kabla ya mwenzake.

Aneth aliporudi ndani, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, Mbuke alikuwa amekaa kwenye kigoda mbali na dirisha. Rauta ilikuwa mezani, imetulia, haina taa. Waya wake mwembamba wa nyuma ulikuwa umewekwa pembeni, umekunjwa vizuri.

"Nimekuzimia mashine yako," Mbuke alisema. "Ilikuwa ya moto, halafu inapepesa taa nyekundu na radi hiyo hapo nje. Tungeungua wote."

Aneth alisimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuchomoa ule waya. Wiki ya kwanza Mbuke alikuwa anaifunika rauta kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyoifunika redio na runinga, vumbi lisiingie. Aneth anafunua, Mbuke anafunika. Mwishowe Aneth alimshika mkono, akauweka juu ya rauta aone joto lake, akamwambia: mama, ukikuta inachoma na mimi sipo, vuta hapa nyuma, waya huu mwembamba. Mbuke alikuwa ameufanyia mazoezi. Na leo Aneth alipopewa sharti jipya na Charles, alilibeba kichwani peke yake, akakimbilia maji.

Alikuwa na maneno, na yalikuwa makali, na hapakuwa hata na moja ambalo mtu anamwambia mama mkwe wake.

"Sawa, mama," alisema.

Aliurudisha waya. Alihesabu moyoni, akauchomoa, akaurudisha tena. Alibonyeza kitufe cha nyuma kwa ncha ya kalamu mpaka kidole kikamuuma. Rauta ilikaa juu ya vizibo vyake vya soda kama kipande cha sabuni. Akaunganisha kompyuta na simu yake, akajaribu kuingia kwenye mfumo. Mfumo ukamwambia hatambuliki.

Enock alikuwa amesimama nyuma yake akijifuta kichwa kwa kofia yake. Alirudi kukaa, safari hii pembeni kabisa ya kochi, asililoweshe.

Simu ya Mwanaima haikuchelewa. Aneth hakuweza kwenda barazani kwa mvua, kwa hiyo aliipokea palepale sebuleni, kwa sauti ya spika, kwa sababu mvua juu ya bati ilizidi sikio lake.

"Aneth, pole na mvua."

"Asante, dada Mwanaima."

"Charles anasema kifaa kimekufa katikati ya sasisho. Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Betri niliyokununulia inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sasa, mimi si fundi. Charles ananiambia waya ulichomolewa. Na mimi nakumbuka siku tunaanza nilikuuliza kama una chumba ambacho watu hawaingiiingii, ukaniambia unacho." Sauti ya Mwanaima ilibaki ileile ya upole. "Nani aliuchomoa?"

Mbuke hakujua mambo ya sasisho, lakini Kiswahili alikijua, na lile swali lilikuwa fupi. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa imeshika ncha za kanga na uso wake ulikuwa umegeukia rauta, kama anaiangalia kwa mara ya kwanza.

"Niliuchomoa mimi," Aneth alisema.

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na radi."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamume ikicheka mbali na simu, na mlango ukifungwa.

"Radi," Mwanaima alisema. "Aneth, una diploma ya forodha."

"Ninayo."

"Ningesikia ni mtoto, ningesikia ni nani sijui, ningeelewa. Lakini wewe. Haya. Huyo dereva yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie aende getini. Charles anamalizia hati zake."

Simu ikakatika. Enock alivaa kofia yake, akakumbuka katazo, akaivua tena kwa heshima ya Mbuke, akaishika mkononi. Hakujua aage vipi. Kabla hajafika mlangoni simu yake nayo ililia, akasikiliza, akajibu ndiyo, ndiyo.

"Wanasema kibali kimeshafika getini," alisema. "Wamekiprinti hukohuko." Alionekana kama mtu anayefanya hesabu asiyoitaka. "Kumbe kilikuwa kinaweza kutokea Dar."

"Kumbe," Aneth alisema.

"Dada, mimi sikumaanisha vibaya."

"Nimejua. Nenda, mke wako anakusubiri. Na lile dirisha litengeneze."

Akatoka kwenye mvua akikimbia, kofia ameiweka ndani ya shati.

Pantaleo, mume wa Aneth, alikuwa msimamizi wa zamu ya makuli palepale bandari kavu. Alirudi jioni buti zikiwa na tope, akaziacha nje, akaingia bila kusalimia. Mama yake alimwambia karibu, akaitikia kwa kichwa. Noela alikuwa ameshakula, analala kochini na daftari kifuani.

"Getini wananicheka," Pantaleo alisema. "Askari ananiambia, mke wako kazima mtandao wa kampuni anaogopa radi. Mbele ya vijana wangu. Kuna mmoja ananiuliza kama kwangu tunatengea radi ugali."

"Ulimjibu nini?" Aneth aliuliza.

"Ningemjibu nini? Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli ilizimwa."

"Mtu na diploma yake." Alikaa chini kwa uzito, akaanza kuvua soksi. "Mimi nimeuza ng'ombe wangu usome. Si ng'ombe wa mtu mwingine, wangu. Ukapata kazi ya kukaa kivulini, ya kubonyeza tu, wenzako wanauza maandazi stendi na vyeti vyao vipo kabatini. Mashine moja unashindwa kuilinda. Inapepesa taa, unaizima kama bibi kizee wa porini. Kesho nitawaambia nini?"

Aneth alikuwa anapakua ugali. Aliugeuza kwa mwiko, akaulainisha juu, akaukata. Alishachoka tangu mchana; mengine yaliyokuja baadaye yalikuwa yanaongezwa tu juu ya mzigo. Alifikiri: aseme mpaka amalize, halafu tule, halafu tulale.

"Ni mimi," Mbuke alisema.

Pantaleo aliinua kichwa, soksi moja mkononi.

"Nini, mama?"

"Ni mimi niliyeuvuta ule waya. Yeye alikuwa nje anakinga maji. Bosi wake alipouliza, akasema ni yeye. Mimi nipo hapo nimesimama, nasikia, nikanyamaza. Umesema na wewe, nikanyamaza tena kidogo. Sasa nimechoka kunyamaza."

Mvua ilikuwa imeisha, na nje maji ya paa yalikuwa bado yanadondoka kwenye pipa, polepole. Pantaleo alimtazama mama yake, akamtazama mke wake, akaitazama soksi. Ilionekana wazi kwamba anatafuta pa kuyaweka yale maneno aliyoyasema na hapaoni.

"Basi, mama," alisema mwishowe, sauti ameishusha. "Hukujua. Si kosa lako."

"Nilijua kuizima."

"Basi, yaishe. Ni kitu tu."

Aneth aliweka sahani mezani. Alisikia vizuri: dakika moja iliyopita kilikuwa kazi, ng'ombe, diploma na aibu ya getini; sasa kilikuwa kitu tu. Siku nyingine angesema. Angemuuliza mumewe mbele ya mama yake, huyo bibi kizee wa porini aliyemsema ni nani. Badala yake alimnawisha mikono, akamnawisha mama mkwe wake, akakaa.

"Kesho nitapita kwa mawakala wengine pale getini," alisema. "Kama kuna anayetaka mtu."

"Na hii kazi?"

"Kuleni, ugali unapoa."

Ujumbe wa Mwanaima uliingia asubuhi, wakati Aneth anamfunga Noela viatu. Ulikuwa mrefu na wa adabu. Ulimshukuru kwa muda wote aliofanya kazi nao. Ulisema kampuni imeamua hati zote zifanyiwe kazi Dar es Salaam, na kwamba haukuwa uamuzi mwepesi. Kompyuta na printa zingechukuliwa na mtu wao atakapopita. Rauta waliiomba itumwe kwa basi leo hiihii, kwa gharama ya Aneth, ili Charles aipeleke kwa waliowauzia wajue kama ni programu yao au ni waya.

Aneth aliusoma mara moja tu. Aliifuta rauta vumbi, akaifunga kwa gazeti, akaitia kwenye boksi la biskuti na kulizungushia selotepu. Alipotoka mlangoni alimkuta Mbuke amevaa viatu vyake vya kanisani na kanga mpya.

"Unaenda wapi, mama?"

"Naenda na wewe."

"Ni hapo stendi tu. Kuna tope."

"Mimi nimezaliwa kwenye tope." Mbuke alinyoosha mikono. "Lete nibebe."

"Si nzito, mama."

"Ndiyo maana nataka nibebe mimi."

Alilitwaa boksi, akaliweka kichwani bila kata, akatangulia. Walipita kwenye makalavati ya reli, wakapita malori yaliyopanga foleni ya kuingia, madereva wakinywa chai ya rangi chini ya matela. Mmoja alimwita Aneth kwa jina akimuuliza kama leo kuna radi. Wenzake wakacheka. Aneth alimsalimia, akaendelea. Mbuke alisimama, akageuka mzimamzima na boksi lake kichwani, akamtazama yule dereva muda mrefu wa kutosha hadi mwingine akamsukuma mwenzake kwa kiwiko na wote wakarudi kwenye chai.

"Yaache, mama."

"Sijasema kitu," Mbuke alijibu.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, magunia ya mchele na kuku wawili waliofungwa miguu wakisubiri basi la Dar. Karani alikuwa mwanamke mwenye miwani, anayeandika bila kuinua macho.

"Unatuma nini?"

"Boksi hili, la Dar es Salaam," Aneth alisema, akatoa namba ya Charles.

"Ndani kuna nini?"

Aneth alikuwa anafungua pochi yake kutafuta nauli ya mzigo, kwa hiyo Mbuke ndiye aliyejibu.

"Kazi ya mkwe wangu."

Karani aliinua macho. Aliwatazama wote wawili, akisubiri wacheke ili na yeye acheke. Hakuna aliyecheka.

"Andika rauta," Aneth alisema. "Mbovu."

Karani aliandika. Alibandika kipande cha karatasi juu ya boksi, akalichukua kwa mkono mmoja na kulitupa juu ya magunia, nyuma ya kuku.

"Iweke vizuri, ng'wanawane, mwanangu," Mbuke alimwambia kutoka dirishani. "Polepole."

Karani alisita. Kisha akainuka, akalichukua tena lile boksi, akaliweka mahali penye nafasi, taratibu, kwa mikono miwili.